Neno "Ubatizo": Latoka Wapi, na Maana Yake Nini?

Wasomaji wapenzi, yako maneno tunayoyatumia siku zote bila kuyatazama, kama mtu apitaye kila asubuhi chini ya mawe makubwa ya Mwanza wala asiyainulie macho. Neno moja katika hayo ni "ubatizo."

Tazameni hapa Kiseke, katika wilaya ya Ilemela. Siku ya Dominika utasikia kengele upande huu, ngoma upande ule, na vipaza sauti upande wa tatu. Wakazi wake wametoka Magu, Misungwi, Ukerewe, Sengerema na Mara, kila mtu amekuja na vyombo vyake na kanisa lake. Wakatoliki wapo, Waanglikana wapo, Walutheri wapo, watu wa AIC wapo, Waadventista na Wapentekoste nao wapo. Mambo mengi yawatenga. Walakini neno hili wanalo wote, tena wote hulitamka namna moja.

Sasa uliza maana yake. Mmoja atakujibu: Kubatizwa ni kupewa jina. Wa pili atasema: Ni kupata cheti, maana pasipo cheti hufungi ndoa kanisani. Wa tatu atasema: Ni kuwa Mkristo. Majibu haya yote yana ukweli ndani yake. Lakini angalieni jambo moja: katika hayo matatu hakuna hata moja lililotaja maji!

Sababu yake ni hii, kwamba neno lenyewe halikuzaliwa kwetu. Lilikuja kama mzigo uliofungwa kwa kamba, nasi tukaupokea, tukaubeba, tukauweka ndani ya nyumba; wengi wetu hatukuufungua tangu siku ile. Basi leo na tuufungue, tuone kilichomo. Maana kwa kutokujua kilichomo, nyumba nyingi zimepata ugomvi, na watoto wengi wamecheleweshwa.

BATA HAYUMO

Mtoto wa shule aweza kudhani kwamba "kubatiza" kumetoka kwa bata, ndege apendaye maji. Dhana hiyo yachekesha, lakini si ya kijinga, kwa kuwa mtoto amefuata kanuni ya lugha yake. Tunayo maneno mengi yenye mwisho huo: mtu akikimbia, amfuataye amkimbiza, akitulia, yuko aliyemtuliza, akiingia, yuko aliyemwingiza. Basi mtoto afikiri: bata, kubatiza!

Kumbe sivyo. Neno hili latoka katika Kiyunani, lugha ambayo kwa hiyo Agano Jipya liliandikwa. Kwa Kiyunani neno ni baptizo, yaani "nazamisha." Mkia wake, -izo, ni mkia ambao Wayunani nao waliutumia kutengenezea maneno ya vitendo. Yametokea tu kwamba mkia wa Kiyunani na mkia wa Kiswahili vimefanana, ijapokuwa lugha hizi mbili hazina udugu. Ndiyo sababu neno hili halikupata taabu kwetu. Lilivaa nguo za Kiswahili likatosha: kubatizwa, kubatizia, mbatizaji, ubatizo. Ile herufi p ilianguka njiani, kwa maana ulimi wa Mswahili haupendi p na t zibanane pasipo vokali katikati.

NENO LA KAZI, SI LA KANISA

Tusidhani kwamba Wayunani walilitunga neno hili kwa ajili ya dini. Lilikuwa neno la kazi za kila siku. Walikuwa na maneno mawili, ndugu wa tumbo moja. La kwanza ni bapto, maana yake kuchovya, nalo lilitumiwa hasa na watu watiao nguo rangi. La pili ni baptizo, ambalo lina nguvu zaidi: kutosa, kuzamisha, kufunika kwa maji. Merikebu ikijaa maji na kwenda chini, Wayunani walilitumia neno hilo. Hata mtu aliyelemewa na madeni, au aliyezidiwa na pombe, walisema juu yake kwamba amezamishwa.

Sisi watu wa Ziwa twaweza kuzielewa picha hizo upesi. Mvuvi wa dagaa ajua mtumbwi unapojaa mawimbi usiku: haubaki nusu juu, nusu chini. Unakwenda wote. Na mama asukaye mikeka ajua kazi ya rangi. Huchemsha maji ya rangi, hutosa ukindu humo ndani, huuacha unywe. Unapotoka, si ule ulioingia. Rangi haikupakwa juu kama vumbi, imeingia mpaka ndani, na jua halitaiondoa kwa siku moja.

Picha hizo mbili, mtumbwi unaozama na ukindu unaogeuka, ndizo mafundisho ya Mtume Paulo. Kwa Warumi afundisha kwamba abatizwaye azikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Kwa Wagalatia afundisha kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo. Kufa, na kugeuka. Basi neno lenyewe lilikuwa limekwisha kubeba mambo hayo yote mawili kabla Paulo hajaandika barua zake.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha jambo hilo pengine wazi zaidi. Mnakumbuka habari ya Naamani, jemadari mwenye ukoma, aliyeshuka mara saba katika Yordani. Wayahudi walioifasiri habari hiyo kwa Kiyunani kabla ya kuzaliwa Kristo walitumia neno lile lile baptizo. Katika Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 twasoma kwamba Naamani alijichovya. Katika mfano wa tajiri na Lazaro, ncha ya kidole inatakiwa ichovywe majini. Kwa Kiyunani ni bapto. Na Marko anapoeleza desturi ya Wayahudi juu ya vikombe na vyombo, Kiyunani kina neno lililo jamaa ya ubatizo, nasi kwa Kiswahili twasoma habari ya kuosha.

Twaona basi kwamba wafasiri wetu waliijua sana maana ya neno. Waliweza kusema kuchovya, waliweza kusema kuosha. Lakini walipomfikia Yohana pale mtoni, hawakumwita Mchovyaji wala Mwoshaji. Waliliacha neno la Kiyunani, wakamwita Yohana Mbatizaji. Kwa nini?

MATAIFA MENGINE WALIFANYAJE

Swali hilo halikuwa la Waswahili peke yao. Kila taifa lililopokea Injili lilipaswa kuchagua: kulifasiri neno, au kulikopa.

Jirani zetu wa Ethiopia walilifasiri. Katika Kigeez, lugha ya kale ya kanisa lao, neno lao la ubatizo latokana na kuzamisha majini. Ndilo jina la sikukuu yao kubwa ya Timkat, ambayo kwa kawaida huwa tarehe 19 Januari. Siku hiyo maji hubarikiwa, watu hunyunyiziwa, na wengine hujitosa. Mtoto wa Ethiopia akisikia neno ubatizo, asikia maji.

Wajerumani, waliotawala Mwanza mpaka mwaka 1916, nao walilifasiri. Neno lao ni taufen, nalo ni jamaa ya neno lao lenye maana ya "kilindi." Waarabu Wakristo husema maamudia, neno walilopokea kwa Wakristo wa Shamu. Waingereza wa zamani walikuwa na neno lao la kienyeji, kisha wakaliacha, wakachukua la Kiyunani kutoka kwa Wafaransa.

Tena iko habari ya Afrika yenyewe. Mnamo mwaka 200 hivi, katika mji wa Carthage, ulio Tunisia ya leo, aliishi mwalimu mmoja Mkristo aitwaye Tertullian. Yeye aliandika kitabu kizima juu ya ubatizo, kwa Kilatini. Alikuwa na maneno mawili mkononi: la Kilatini lenye maana ya kuchovya na kutia rangi, na lile la Kiyunani lililokopwa. Aliyatumia yote mawili. Lakini baada ya muda neno la kukopa likashinda, la Kilatini likarudi kwa watia rangi. Yaonekana Wakristo wa Carthage walitaka neno ambalo halikuwa la sokoni, ili mtu akilisikia ajue ni jambo gani linalosemwa.

Hapana shaka wafasiri wa Kiswahili waliona hivyo hivyo. Ukisema "kuoshwa," Mswahili wa pwani atafikiri maiti. Ukisema "kutawadha," atafikiri sala ya Waislamu. Ukisema "kuchovya," atafikiri mkate ndani ya chai. Kila neno la nyumbani lilikuwa limekwisha kupata kazi nyingine.

LILIVYOFIKA PWANI

Maneno mengi ya Kikristo yalitufikia kwa mkono wa Kiarabu: kanisa, msalaba, Injili, kasisi, askofu. Ubatizo halikupita mlango huo. Lilipita baharini, tena si mara moja.

Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na mwaka 1597 wakaleta watawa wa Mtakatifu Augustino. Wareno ndio waliotuachia meza, mvinyo, bendera na leso. Ndio pia waliotuachia neno "gereza," ambalo kwa Kireno maana yake ni kanisa! Fikirini wenyewe jinsi watu wa pwani walivyoliona kanisa lile, lililokuwa ndani ya ngome yenye mizinga, hata jina lake likageuka kuwa jina la mahali pa kufungia watu.

Wareno wakitaka kusema kubatiza, husema batizar. Tazama jinsi lilivyo karibu na letu. Na ubatizo uliojulikana zaidi katika siku zile ulikuwa wa mtoto wa mfalme. Yusuf bin Hasan, mwana wa Sultani wa Mombasa, alichukuliwa akiwa mdogo mpaka Goa katika Bara Hindi, akalelewa na watawa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliwageukia Wareno, akamwua mkuu wa ngome, akarudia dini ya baba zake. Na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliuawa kwa sababu hawakukubali kuiacha imani yao. Habari hiyo ni ya huzuni kwa pande zote. Nayo yatufundisha jambo: ubatizo uliokuja pamoja na mizinga haukushika mizizi. Ngome ilipotekwa mwaka 1698, kanisa halikubaki.

Kwa hiyo neno lilipaswa kuja tena, nalo lilikuja bila mizinga. Mwaka 1844 Dakta Ludwig Krapf alifika Mombasa, kisha yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakakaa Rabai. Mwaka 1864 Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Steere alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akafasiri Agano Jipya lililotoka mwaka 1879, na baadaye Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, kutoka Ufaransa, walianza misheni ya Bagamoyo. Mfaransa naye huandika ile p, lakini hatamki. Ukimsikiliza husema karibu kama sisi.

Basi Mreno, Mfaransa, Mwingereza na msomi wa Kiyunani, wote walielekea neno moja. Njia ni nyingi, lakini chemchemi ni ile ile.

LIKAPANDA MPAKA NYANZA

Neno liliifikaje pwani ya Ziwa letu? Lilipanda kwa miguu, pamoja na misafara.

Mwezi wa Februari mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo. Katika msafara wake alikuwamo kijana Mwafrika aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Waanglikana huko Unguja. Huyo alimfuata Stanley mpaka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akaachwa huko awe msomaji na mwandishi wa mfalme. Aliandika sehemu za Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili, ili zisomwe barazani. Mara nyingi twasifu Wazungu walioleta Injili Nyanza. Yafaa tumkumbuke pia kijana huyu, aliyefundisha huko kabla ya misheni yo yote kujengwa.

Mwishoni mwa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Kageye hiyo hiyo. Toka hapo Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka Ziwa kwa mtumbwi, wakafika Buganda mwezi wa Februari 1879. Tarehe 27 Machi 1880, mkesha wa Pasaka, walibatiza watu wa kwanza. Waanglikana nao walibatiza watu watano wa kwanza tarehe 18 Machi 1882.

Kardinali Lavigerie, aliyewatuma Mapadre Weupe, alitoa amri kwamba mtu asibatizwe upesi upesi. Ilimpasa kukaa katika mafundisho miaka 4. Twaweza kusema kwamba ndiyo rangi ya ukindu: usiutoe kabla haujanywa.

Mwezi wa Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda kwa hofu, wakaja upande wetu wa kusini, na mwaka 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi, katika wilaya ya Misungwi ya leo. Walirudi Buganda mwaka 1885. Wakakuta jambo la ajabu: waliobatizwa hawakutawanyika, bali walikuwa wamewafundisha wenzao.

Mwaka uliofuata thamani ya neno hili ilionekana. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walijua kwamba wataitwa kuhukumiwa kwa sababu ya imani. Padre hakuwapo. Karoli Lwanga, mkubwa wao, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa mwezi wa Novemba uliotangulia, alichukua maji akawabatiza wale waliokuwa bado kubatizwa. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mmoja, Mukasa Kiriwawanvu, hakuwahi kupata maji. Kanisa lasema alibatizwa kwa damu yake. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, naye aliwataja kwa heshima wale Waanglikana pia.

Je, wale vijana walitaka jina tu usiku ule? Walitaka cheti? Hapana. Walitaka kuzamishwa mahali ambapo hata moto hauwezi kuwatoa.

Na yule mfalme? Mwaka 1889, alipokuwa amefukuzwa katika kiti chake, Mwanga alikimbilia pwani yetu hii, na mapadre wa Bukumbi wakampokea. Baadaye Waingereza walimpeleka kifungoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903.

FAIDA NA HASARA

Sasa tupime. Kukopa neno kumetuletea nini?

Faida ya kwanza ni umoja. Huko Rwanda Wakatoliki husema "Batisimu," na Waprotestanti husema "umubatizo." Mtu akifungua kinywa tu, kanisa lake limejulikana. Kwetu sivyo. Mkatoliki wa Kiseke na jirani yake wa AIC wana neno moja. Hakuna aliyejitungia lake ili amshinde mwenziwe.

Faida ya pili: neno hili halikumaliza ubishi kwa ujanja. Kama lingefasiriwa "kuzamisha," wamwagao maji kichwani wangeambiwa si wabatizaji. Kama lingefasiriwa "kumwagia," wazamishao wangeambiwa hivyo hivyo. Na mambo haya mawili ni ya zamani sana. Mafundisho ya Mitume, kitabu cha Wakristo wa kwanza kabisa, yaagiza kutumia maji yatembeayo, lakini yakikosekana maji ya kutosha, maji yamwagwe kichwani mara tatu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 nayo yakubali njia zote mbili.

Hasara tumekwisha kuiona pale mwanzo. Neno lisilo na maji ndani yake lilitafuta kitu kingine cha kushika, likashika jina. Leo hata magazeti huandika kwamba mtaa fulani "umebatizwa" jina fulani, au mchezaji fulani "amebatizwa" jina la utani. Hivyo "kubatiza" kumekuwa karibu sawa na "kuita."

Kwa sababu hiyo wako wazazi wanaodhani kwamba kiini cha ubatizo ni kubadili jina. Msichana aliyezaliwa siku ya mvua ameitwa Kabula na bibi yake, kwa kuwa mvua kwa Kisukuma ni mbula. Akiisha kubatizwa Maria, watu humwambia asiitike tena Kabula, kana kwamba jina lile ni dhambi. Kanisa halisemi hivyo. Sheria ile ya mwaka 1983 yataka tu kwamba jina lisiwe kinyume cha roho ya Kikristo. Jina la mtakatifu ni zuri, maana lampa mtoto kielelezo na mwombezi. Lakini jina la mvua nalo lina kosa gani? Tena nani ashukuruye maji kuliko mtu aitwaye Kabula?

MASWALI YA NYUMBANI

Maana ya neno ikiisha kujulikana, baadhi ya maswali yanayosumbua nyumba zetu yaanza kupata majibu.

La kwanza: Je, mtu abatizwe tena? Kijana aliyebatizwa utotoni huko Bukumbi amepanga chumba Kiseke, naye ataka kumwoa binti wa kanisa lingine. Wazee wa upande mmoja wasema, abatizwe upya, la sivyo hakuna arusi. Maneno huwa makali, na pengine uchumba huvunjika. Ndugu wapenzi, ukindu uliokwisha kunywa rangi hautoswi tena kwa sababu umehamia mkeka mwingine. Mtume Paulo awafundisha Waefeso kwamba Bwana ni mmoja, imani moja, na ubatizo mmoja. Kwa hiyo Kanisa Katoliki halimbatizi tena mtu aliyebatizwa katika kanisa lingine kwa maji na kwa kumtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, isipokuwa kuna shaka ya kweli. Walutheri na Waanglikana nao hawarudii. Wenzetu wabatizao watu wazima tu wana hoja yao: wao wasema kwamba imani ya mtu mwenyewe hutangulia maji, kwa hiyo hawahesabu kuwa wanarudia. Tusiwadhihaki, wala wao wasitudhihaki. Lakini kijana asikubali maji kama mtu akubaliye mahari, ili apate mke tu. Aende kwa padre wake, binti naye aende kwa mchungaji wake, nao wasikilizane kwa kweli. Ubatizo wa kumpendeza mkwe si ubatizo wa dhamiri.

La pili: Je, tungoje fedha za sherehe? Wako wazazi ambao mtoto wao atimiza mwaka, miaka miwili, hata minne, naye hajaletwa kanisani. Wakiulizwa wasema, bado hatujapata fedha za wali, soda, nguo nyeupe na mpiga picha. Sheria yawataka wazazi Wakatoliki wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza. Yamtaka awe na msimamizi, na mmoja atosha. Wali haumo katika sheria. Tena yakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Karamu ni njema ikiwapo. Lakini mlango wa ubatizo ni maji, na maji Mwenyezi Mungu ametujalia Ziwa zima.

La tatu: Je, mtoto akiwa mahututi na padre yuko mbali? Hapo mkumbukeni Karoli Lwanga. Mtu ye yote, mama, jirani, au mwuguzi, aweza kubatiza wakati wa hatari, mradi akusudie analokusudia Kanisa, amwage maji halisi kichwani, na papo hapo aseme kwamba ambatiza mtoto huyo kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kisha parokia iarifiwe ili iandikwe katika kitabu. Kila mzazi na alijue jambo hili kabla ya usiku wa taabu haujafika.

Basi, wasomaji wapenzi, mzigo tumeufungua. Ndani yake tumekuta maji, mtumbwi uendao chini, na ukindu utokao na rangi mpya. Jina limo, na cheti kimo, lakini hivyo ni kamba tu za kufungia. Jioni ya leo, mkiisha kula, waulizeni watoto: Ubatizo maana yake nini? Wakisahau maji, wakumbusheni. Kisha wazazi nao wajiulize, maana wahenga walisema: Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Sisi tulikwisha kuvuliwa nguo na kutoswa. Iliyobaki ni kuishi kama watu waliotoka majini.